Mkojo kuvuja uzeeni: namna ya kukaza misuli ya nyonga, kwa mama na bibi zetu wa Tanga

Shikamoo mama. Haya nimeyaandika kwa ajili yako wewe uliyeacha kwenda maulidini kwa kuogopa kulowa mbele za watu, wewe unayebadilisha kanga mara tatu kabla ya adhuhuri, na wewe unayekataa kupanda basi la Muheza kwa sababu njiani hakuna pa kushuka. Nimeyaandika pia kwa binti na mkamwana, maana mara nyingi wao ndio watakaoyasoma kwenye simu, wakamsomea mama chumbani mlango umefungwa.

Wanawake wengi waliozaa na waliokoma hedhi wana shida hii, lakini wingi wao haumaanishi kwamba uzee ndivyo ulivyo na mtu avumilie kimya kimya. Mara nyingi tatizo ni misuli iliyolegea, na misuli hujibu mazoezi hata kwa mtu mwenye miaka 75. Mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja matokeo ya tafiti 31 zilizohusu wanawake 1,817 wa rika mbalimbali katika nchi 14. Katika zile zilizopima kupona kwa wanaovuja wakikohoa au wakiinua vitu, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi haya walisema wamepona. Kwa wasioyafanya walikuwa 6 tu katika kila 100. Mazoezi yenyewe hayana gharama, hayahitaji kifaa, na mtu aliyekaa karibu yako hawezi kujua kwamba unayafanya.

Misuli yenyewe iko chini kabisa ya nyonga. Inaanzia kwenye mfupa wa kinena mbele na kuishia kwenye kifupa cha mkia nyuma. Juu yake vimekaa kibofu cha mkojo, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo, na katikati yake zinapita njia tatu: ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa. Waliowahi kulalia kitanda cha kamba, kile tulichokiita teremka tukaze, watanielewa upesi: kamba zikilegea, godoro linabonyea katikati, na dawa ni kushuka na kuzikaza upya. Misuli hii nayo hulegezwa na uzazi, hasa uchungu wa muda mrefu au mtoto mkubwa. Hulegezwa na upungufu wa homoni ya estrojeni baada ya hedhi kukoma, na kikohozi kisichoisha, na choo kigumu cha miaka mingi, na uzito wa mwili.

Hatua ya 1: Jua mkojo wako unatokaje

Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza, ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, ukiinua ndoo au ukiinuka ghafla mkekani, matone yanakutoka. Ya pili, ulikuwa huna dalili yoyote, mara mkojo umekubana, na kabla hujafika msalani umeshakutoka. Hii ya pili huandamana na kwenda haja mara kwa mara mchana na kuamka amka usiku. Wanawake wengi wa umri mkubwa wanazo zote mbili. Mazoezi yanafaa kote, ila anayebanwa ghafla itabidi ayaunganishe na kukizoesha kibofu, ambako nitafika kwenye hatua ya 6.

Kwa siku 3 weka kumbukumbu: saa uliyokwenda msalani, mkojo ulikuwa mwingi au kidogo, ulivuja mara ngapi, na ulikuwa unafanya nini ulipovuja. Mama asiyeandika atumie punje za mahindi na kunde katika kikombe: punje ya mahindi kila akienda haja, punje ya kunde kila akivuja. Jioni mjukuu anahesabu na kuandika. Ukiwa na jagi la plastiki lenye alama za mililita, litenge kwa kazi hiyo tu na ukojolee humo. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hubeba mililita 300 hadi 500. Ukiona kila ukienda unatoa 100 tu, na unakwenda mara 12 kwa siku, tayari una habari ya maana ya kumpelekea daktari. Karatasi ile ya siku 3 itamsaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Hatua ya 2: Yanayotaka hospitali kabla ya mazoezi

Usianze mazoezi, nenda hospitali kwanza, ikiwa mkojo una damu; ikiwa unaungua ukikojoa au una homa; ikiwa mkojo unagoma kutoka au unatoka kwa kujikamua; ikiwa unatokwa damu ukeni ilhali hedhi ilikoma zamani; au ikiwa kuna kinyama kinachoshuka ukeni unapochuchumaa, ambacho huenda ni kizazi kilichoshuka. Ukipata ganzi sehemu za siri pamoja na miguu kukosa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kukatika, hasa ulioanza baada ya uzazi mgumu, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hata kama mtoto aliyezaliwa siku ile leo ana wajukuu. Fistula haiponi kwa kukaza misuli, ni ya kushonwa, na hospitali ya CCBRT iliyoko Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo. Nasisitiza hili kwa sababu wapo akina mama waliofichwa uani miaka na miaka kwa jambo lenye tiba.

Pima sukari pia, maana kisukari huongeza mkojo na hudhoofisha mishipa ya fahamu ya kibofu. Kisha beba dawa zako zote kwenye mfuko umwonyeshe daktari. Baadhi ya dawa za presha hutoa maji mwilini, na ukizimeza jioni utakesha msalani. Nyingine, zikiwemo kaptoprili na lisinoprili, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kila kikohozi kinasukuma mkojo. Usiache dawa kwa uamuzi wako; muulize daktari kama saa ya kumeza au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa.

Kwa mtu wa Tanga mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo pa kuelekea kama zahanati au kituo cha afya hakijatosha. Ulizia dirisha la wazee, kisha uulizie fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, kwa hiyo usione haya kusema umri wako mapokezi.

Hatua ya 3: Itafute misuli

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 1991 huko Marekani watafiti waliwaelekeza wanawake 47 kwa maneno machache jinsi ya kukaza, kisha wakawapima. Nusu tu walikaza sawasawa. Kumi na wawili kati ya wale 47 walikuwa wanafanya kwa namna inayoweza kuzidisha kuvuja, kwa sababu walikuwa wanasukuma chini badala ya kuvuta juu. Kwa hiyo usiridhike kwamba umesoma. Hakikisha kwa mwili wako.

Kojoa kwanza. Lala chali kitandani au mkekani, kunja magoti, nyayo zikae chini, miguu iachane kidogo. Vuta pumzi mara mbili tatu, tumbo lilegee. Sasa bana njia ya nyuma, ukizuia hewa isitoke. Ukiwa umeishika hiyo, leta mbano mbele hadi njia ya mkojo, ukizuia na mkojo. Kisha vuta vyote viwili kwenda juu, ndani ya mwili. Ni kitendo kidogo. Mtu akikutazama asione kitu: makalio yamelegea, mapaja hayabanani, tumbo halitunishwi, uso haukunjwi, pumzi inaendelea kuingia na kutoka. Kama unashindwa kuhesabu kwa sauti huku umekaza, umeshika pumzi.

Baadhi yenu kungwi alishawagusia kubana mkiwa wali, na hilo linasaidia kwa sababu mwili una kumbukumbu. Ila angalieni: ikiwa makalio na mapaja yote yanaingia kazini, misuli tunayoitaka inaweza kuwa imelala.

Zipo njia tatu za kujihakikishia, na chagua ile unayoiweza.

Ya kwanza ni kidole. Nawa mikono, ukiwa umelala au umechuchumaa ingiza kidole kimoja ukeni na ukaze. Ukifanya sawa utahisi kidole kinabanwa na kuvutwa ndani kidogo. Ukihisi kinasukumwa nje, simama hapo, umekosea upande. Kwa mama ambaye uke umekuwa mkavu, mafuta ya nazi safi kidogo kwenye kidole yatapunguza maumivu.

Ya pili ni kioo cha mkononi. Kiweke kati ya miguu na utazame eneo lililo baina ya uke na njia ya nyuma. Ukikaza, lipande na kuingia ndani. Likituna kuja kwenye kioo, unasukuma.

Ya tatu ni kwa asiyetaka kujigusa wala kujitazama. Kunja taulo au kanga nzito iwe msokoto mgumu, uiweke kwenye kiti cha mbao, uikalie ikipita katikati ya miguu kutoka mbele kwenda nyuma. Ukikaza vizuri utahisi mwili unainuka kidogo kutoka kwenye msokoto, na ukiachia unatua tena. Huko kutua ni muhimu sawa na kuinuka. Misuli isiyojua kuachia huchoka, huuma, na hushindwa kukaza inapohitajika.

Wengine huambiwa wakate mkojo katikati wakiwa msalani. Usiifanye hiyo kuwa zoezi. Kukatakata mkojo mara kwa mara hukivuruga kibofu, na mkojo unaobaki hualika maambukizi.

Inawezekana siku za mwanzo usihisi chochote. Usikate tamaa mama yangu. Kwa aliyezaa watoto saba na hajawahi kuitumia misuli hii kwa makusudi, ubongo huchukua muda kuipata. Jaribu mkao wa kusujudu, nje ya swala, magoti na viwiko vikiwa chini na nyonga juu. Hapo uzito wa viungo vya ndani unahama kutoka kwenye misuli na hata iliyo dhaifu sana huweza kusogea. Magoti yakikataa, lala chali na uweke mto chini ya makalio. Ukimaliza wiki mbili bila kuhisi kitu, mtaalamu wa fiziotherapia au mkunga aliyefundishwa anaweza kupima kwa kidole na kukuelekeza pale pale. Wao hutumia kipimo cha 0 hadi 5, ambapo 0 ni misuli isiyocheza kabisa na 5 ni inayobana kwa nguvu na kuinua. Mtu wa 1 au 2 ana nafasi kubwa ya kupanda.

Hatua ya 4: Pima ulipo

Kaza na uhesabu polepole, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka uhisi misuli inaachia yenyewe. Hiyo ndiyo idadi yako. Wengi wanaanza na sekunde 2 au 3. Kisha angalia unaweza kurudia mara ngapi kabla haijachoka. Andika namba hizo mbili ukutani au mwambie mjukuu aziweke kwenye simu.

Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe, mara 3 kwa siku

Kila mara utafanya aina mbili, kwa sababu misuli hii ina nyuzi za kudumu muda mrefu na nyuzi za kushtuka haraka.

Kaza ya polepole: kaza na kuinua kwa idadi ya sekunde uliyoipata, kisha achia kabisa kwa muda huo huo au mara mbili yake. Rudia mara 8 hadi 10. Kila wiki ongeza sekunde moja kama mwili unaruhusu, mpaka ufike 10. Huna haja ya kuzidi hapo.

Kaza ya haraka: kaza kwa nguvu sekunde moja, achia, kaza, achia, mara 10.

Yote hayachukui zaidi ya dakika tano. Ugumu uko katika kukumbuka, na hapa Tanga tuna saa isiyohitaji kengele. Ukishatoa salamu na kumaliza nyiradi zako, baki mswalani ufanye: baada ya Alfajiri, baada ya Alasiri, baada ya Isha. Asiyeswali afunge na chai ya asubuhi, chakula cha mchana na kupanda kitandani. Wiki 2 za kwanza fanya umelala. Wiki mbili zinazofuata fanya umekaa, hata kwenye kibao cha mbuzi kabla hujaanza kukuna nazi. Kisha fanya umesimama, maana mkojo haukutoki ukiwa umelala chali bali ukiwa jikoni na sokoni, na misuli lazima ijifunze kubeba mwili uliosimama.

Unapofika wiki ya 4 hadi ya 6 wengi huanza kuona kitambaa kinakaa kikavu muda mrefu zaidi. Wengine huchelewa. Wiki za mwanzo ni mishipa ya fahamu inayojifunza. Unene na nguvu ya misuli vinahitaji miezi. Ndiyo maana wataalamu wanataka angalau miezi 3 kamili kabla mtu hajasema haifai. Nimewaona akina mama wengi wakiacha baada ya wiki tatu na inaniuma, kwa sababu wanaacha mlangoni. Pakitokea maumivu ya nyonga au mkojo kuanza kutoka kwa shida, punguza au simamisha na ukapimwe.

Kaza kabla ya kukohoa

Hii ningependa uianze mara tu utakapoweza kukaza sawasawa, bila kungoja miezi 3. Ukihisi kikohozi au chafya inakuja, kaza kwanza, shikilia, ndipo ukohoe. Vivyo hivyo kabla ya kuinua ndoo, kabla ya kumbeba mjukuu, kabla ya kuinuka kutoka kwenye kigoda, kabla ya kushuka kwenye bajaji. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani uliwafundisha wanawake wazee, wenye wastani wa miaka 68, kukaza namna hii. Baada ya wiki moja tu ya kujifunza, walipokaza kabla ya kukohoa walivuja mkojo mchache kuliko walipokohoa bila kukaza. Wiki moja haitoshi kunenepesha misuli. Walichopata ni kukaza kwa wakati wake.

Hatua ya 6: Kwa anayebanwa ghafla

Mkojo ukikushika, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu, kunakufanya uogope, na mzee akiteleza kwenye sakafu ya msala anaweza kuvunjika nyonga. Simama tuli au kaa. Kaza haraka haraka mara 5 au 6. Kukaza huko kunatuma ujumbe kwa kibofu kitulie. Ubongo upe kazi nyingine: hesabu kurudi nyuma kutoka 50, soma aya unayoijua, taja majina ya wajukuu kuanzia mkubwa. Mbano utapanda, kisha utashuka. Ukishashuka, tembea taratibu kwenda msalani. Wengine hushikwa pale tu wanapoingiza ufunguo mlangoni; basi kaza kabla hujautoa ufunguo mkobani.

Baada ya hapo kizoeshe kibofu. Karatasi yako ya siku 3 imekuonyesha unakwenda kila baada ya muda gani. Ikiwa ni kila saa moja, panga kwenda kila saa moja na robo kwa wiki nzima, uwe umebanwa au hujabanwa. Wiki inayofuata saa moja na nusu. Endelea kuongeza dakika 15 mpaka ufike saa 3 hivi. Kazi hii inataka angalau wiki 6. Acha pia ile tabia ya kwenda "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani. Inakifundisha kibofu kudai hata kikiwa na kijiko cha mkojo.

Hatua ya 7: Ipunguzie misuli mzigo

Kwanza, maji. Wapo wanaokaa na kiu toka asubuhi hadi jioni ili wasivuje, na katika joto hili letu ni hatari. Mkojo mchache na mkali huwasha kibofu, nao huleta maambukizi na choo kigumu. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kidogo kidogo, isipokuwa kama daktari amekupangia kiasi kwa ajili ya moyo au figo. Kinachofaa kupunguzwa ni kahawa na chai ya rangi iliyokolea, kwani kafeini hukichokoza kibofu. Jaribu wiki mbili chai ya mchaichai au tangawizi uone tofauti. Punguza vinywaji saa 2 au 3 kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani gawa maji kati ya futari na daku, usimalize jagi zima alfajiri. Kama miguu huvimba, lala alasiri ukiwa umeiinua juu ya mto, ili yale maji yaliyoshuka miguuni yatoke kabla ya usiku.

Pili, choo. Kujikamua kunaisukuma misuli chini kila siku. Kula mboga za majani, maharage, papai, na chungwa la Muheza ulile pamoja na nyama yake badala ya kufyonza maji na kutupa. Kwenye choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda na uiname mbele. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri kwa haja kubwa. Kama magoti hayawezi, fundi seremala atakutengenezea kiti chenye tundu kwa bei ndogo.

Uzito nao una kauli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wa wanawake 338 wanene waliokuwa wakivuja mkojo, ulionyesha kwamba waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao walipungukiwa matukio ya kuvuja kwa asilimia 47. Wenzao waliopewa elimu tu walipungukiwa kwa asilimia 28. Kwa mama wa kilo 90, asilimia 8 ni kilo 7 na kitu. Kikohozi kikizidi wiki mbili kapime, pamoja na kifua kikuu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20: jaza nusu, au mwambie kijana wa nyumbani.

Usafi, pedi na yale ya kuepuka

Pedi au pampasi za watu wazima ni msaada wa njiani, usizionee haya. Asiyemudu atumie vitambaa vya kanga kuukuu laini, avibadilishe vikilowa, avifue na kuvianika juani, si uvunguni. Ngozi ikichubuka, osha kwa maji, kausha kwa kugusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo. Ndani ya uke hapaoshwi kwa sabuni.

Na shabu, ndimu, ugoro na dawa za kubana zinazouzwa kwa siri, tafadhali acheni. Havigusi misuli. Hukausha na kuunguza ngozi ya uke ambayo kwa mwanamke aliyekoma hedhi imeshakuwa nyembamba, na vidonda hukaribisha maradhi. Ukavu una tiba yake hospitalini, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa kiasi kidogo, nayo huweza kupunguza pia kule kubanwa ghafla. Daktari ndiye wa kuiandika.

Udhu na swala

Najua hili ndilo linalowaumiza wengi kuliko kulowa kwenyewe. Wapo waliopunguza swala kwa kudhani hawana twahara. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku Pwani tunayafuata, mtu ambaye mkojo haumkatiki ana hukumu yake: wakati wa swala ukishaingia anajisafisha, anaweka kitambaa safi, anatawadha na kuswali bila kuchelewa, na yanayomtoka katikati hayamharibii swala. Kwa faradhi inayofuata anatawadha upya. Anayevuja mara moja moja tu kwa kukohoa hukumu yake ni nyingine, kwa hiyo amweleze ustadhi au mwalimu wa kike wa madrasa hali yake ilivyo. Na kwa kuwa kurukuu na kuinuka kutoka sijida ndipo matone hutoka, mazoezi ya kukaza kabla ya kuinuka yatakufaa hapo hasa.

Miezi 3 ikipita

Rudia ile kumbukumbu ya siku 3 na ulinganishe na ya mwanzo. Ikiwa umepata nafuu, endelea; misuli ikiachwa hurudi ilikotoka, ila sasa mara moja kwa siku huweza kutosha kuilinda. Ikiwa hakuna tofauti, rudi hospitali ukiwa na karatasi zote mbili. Kwa kizazi kilichoshuka ipo pete maalumu ya kuwekwa ukeni, kwa kibofu kinachobana ghafla zipo dawa, na upasuaji upo kwa wanaouhitaji.

Ukifika kwa daktari, yaseme wazi: "Daktari, nikikohoa mkojo hunitoka, na usiku naamka mara nne. Nimefanya mazoezi ya kukaza miezi mitatu. Hii hapa kumbukumbu yangu." Kama mama anaona haya, binti aingie naye aseme yeye, kwa idhini yake. Na ukijibiwa kwamba ni uzee tu, omba upimwe mkojo, sukari na nguvu ya misuli kabla hujatoka chumbani humo.